Kidonda cha Muzee Si Kidogo

Ndugu musomaji, leo jioni kabla ya kulala, fanya kitu kimoja. Uende kwa nkambo wako, ao kwa baba na mama kama wamezeeka, uombe ruhusa, kiisha utazame miguu yake. Tazama chini ya nyayo, katikati ya vidole, nyuma ya kisigino. Kama ni mutu wa kulala siku nzima, tazama pia mugongo wake, pale chini mufupa unapogusa matela. Ukikuta ngozi ni nzima, mushukuru Mungu, na kesho utazame tena. Ukikuta kidonda, hata kidogo kama mbegu ya mahindi, usiseme: "Kitapona tu." Kwa mutoto wa miaka 10, kweli kitapona. Kwa muzee wa miaka 75, kidonda kile kinaweza kukaa miezi, kinaweza kumukatisha muguu, kinaweza hata kumuua.

Katika miji yetu ya shaba, Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kolwezi, kuna wazee wengi waliotumika Gécamines. Wachache bado wanakumbuka Union Minière, kabla ya mwaka 1967. Zamani zile mutu wa kazi akijikata, alikwenda kwa hospitali ya kampuni, yeye, bibi yake na watoto wake. Katika miaka 2003 na 2004, watu zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines katika ule mupango wa kuacha kazi kwa mapenzi. Tangu pale jamaa nyingi zinajilipia munganga na dawa. Basi, leo kidonda cha muzee kinaanza kutunzwa nyumbani, na mara nyingi anayekitunza ni mukwe, ao binti, ao mujukuu wa miaka 15 ambaye hakuna mutu aliyemufundisha. Mafundisho haya ni yenu.

NI SABABU GANI KINAKAWIA?

Ngozi ya muzee imekuwa nyembamba. Akigonga mulango, akishikwa mukono kwa nguvu wakati wa kumuinua, ngozi inapasuka sawa karatasi.

Damu nayo haiendi vizuri kama zamani. Damu njo inapeleka chakula na nguvu ya kuponya pale palipoumia. Kama mishipa ya miguu imefunga, zaidi kwa mutu aliyevuta tumbaku miaka mingi, kidonda cha muguu kinakaa na njaa.

Tena kuna ugonjwa wa sukari. Sukari nyingi katika damu inaharibu mishipa na inaua hisia za miguu. Muzee anakanyaga musumari na hasikii. Wengi wanajua kwamba wana sukari siku ile kidonda kinapokataa kupona.

Mwisho kuna chakula. Muzee asiyekula vizuri hana kitu cha kujengea ngozi mupya. Bukari peke yake haijengi ngozi.

Kwa hiyo mukumbuke neno hili, na yote yanayofuata yanatoka ndani yake: kidonda cha muzee hakiponi kwa ukali wa dawa. Kinapona kwa usafi, kwa chakula, na kwa kuondoa kile kilichokileta.

VITU TUNAVYOMWAGA NDANI YA KIDONDA

Katika lupango kila jirani iko na dawa yake. Mumoja atasema: "Sisi tunawekaka unga ya kapsile, inakaushaka mbio." Mwingine: "Weka mafuta ya freni ya motokari." Mwingine analeta dawa ya meno, mwingine majivu, mwingine javel. Wote wanasema kwa upendo. Lakini tuangalie kila kitu kinafanya nini.

Unga wa kapsile hauingii ndani ya nyama vizuri. Unafanya ganda juu, na usaha unabaki chini yake. Tena unafundisha vijidudu kuzoea dawa, na siku muzee atakapokuwa na lazima ya dawa ile, haitamusaidia. Kuna watu wanaofungua hata kapsile za Rifampicine, dawa ya kifua kikuu. Ni kosa kubwa.

Mafuta ya freni ni sumu. Majivu na udongo vinaweza kuleta tetanosi. Javel na alkoli vinaua vijidudu, ni kweli, lakini vinaua pia nyama changa inayoanza kuota. Ile nyama nyekundu inayong'aa kidogo chini ya kidonda njo uponyaji wenyewe. Ukiimwangia alkoli kila siku, unangoa shamba lililoanza kumea. Dawa ya iyode inaweza kutumika mwanzoni kwa kidonda kichafu kama munganga anasema, lakini si kila siku kwa wiki nyingi.

KUSAFISHA NA KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Matayarisho ni haya: maji yaliyochemka na kupoa, sabuni, kitambaa safi ao kompresi, vazelini, bandeji, na mufuko wa kutupia takataka.

Maji yawe ya kunywa. Usichote mutoni chini ya usine, na usiweke maji ndani ya bido iliyobeba asidi ao dawa nyingine ya kazi, hata kama umeiosha mara nyingi. Chemsha litre 1, utie chumvi kijiko kidogo cha chai 1 na nusu, bila kukijaza kupita ukingo. Funika, ngoja ipoe. Maji yale ni ya siku moja. Kesho utengeneze mengine. Kama chumvi hakuna, maji matupu yaliyochemka yanafaa.

Kama hamuna feza ya kompresi, pasua shuka la pamba la zamani. Lifue na sabuni, lichemshe ndani ya nyungu dakika 20, lianike juani mbali na vumbi, kiisha ulipige pasi yenye moto mukali pande zote mbili. Wamama wetu wanajua sababu: pasi inaua pia mayai ya ile inzi inayoacha funza ndani ya nguo zilizoanikwa inje. Vitambaa vile uviweke ndani ya sashé safi iliyofungwa.

Sasa kazi yenyewe:

1. Umuambie muzee unachotaka kufanya. Kama kidonda kinamuuma sana, umupe parasetamol karibu saa moja mbele, kwa kipimo kilichoandikwa. Usimupe diclofenac ao ibuprofen bila munganga. Katika mwili wa muzee vinaweza kuumiza figo na tumbo.

2. Nawa mikono na sabuni mpaka kiwiko. Kama mpira wa mikono uko, vaa. Kama hakuna, vaa sashé safi mukononi, na unawe tena kisha kazi.

3. Kitambaa cha zamani kikishikamana, usikivute. Kimwangie maji ya chumvi, ngoja dakika chache, kitajiachia chenyewe. Ukikivuta, unaondoka na ngozi mupya.

4. Mwanga maji polepole juu ya kidonda, yashuke ndani ya bakuli. Ngozi ya pembeni uioshe na sabuni kidogo, kiisha uisuuze. Usisugue ndani.

5. Tazama. Kina urefu gani kuliko juzi? Rangi yake je? Kinanuka? Andika katika kaye: tarehe, urefu, rangi. Hili ni jambo la maana sana, kwa maana jicho la kila siku linadanganywa. Munganga atafurahi kuiona kaye ile.

6. Kausha ngozi ya pembeni tu. Paka vazelini kidogo juu ya kitambaa ili kisishikamane, weka juu ya kidonda, funga na bandeji bila kukaza. Kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Usibandike sparadara juu ya ngozi nyembamba ya muzee. Ibandike juu ya bandeji.

7. Takataka zote zichomwe ao zitupwe ndani ya choo cha shimo. Nawa mikono tena.

Kidonda kikavu na safi kinafungwa upya kila siku ya pili ao ya tatu. Chenye maji mengi, kila siku. Kitambaa kikilowa mukojo ao kikichafuka, badilisha mara moja.

"LAKINI KIDONDA KIPATE MUPEPO!"

Neno hili tunalisikia katika kila nyumba. "Fungua, kipate mupepo, kikauke." Wazee wetu walilisema, na waganga wengi wa zamani walilisema pia. Lakini mwaka 1962, mutaalamu mumoja wa London, George Winter, alionyesha jambo lingine. Alifanya vidonda vidogo juu ya ngozi ya nguruwe. Vingine aliviacha wazi vikauke, vingine alivifunika visikauke. Vile vilivyofunikwa viliota ngozi mupya mbio kuliko vile vya wazi. Ngozi changa inatembea vizuri juu ya nyama yenye majimaji kidogo. Chini ya ganda kavu inatafuta njia kwa shida.

Basi kidonda kifunikwe. Kisilowe maji tele, kisikauke sawa udongo wa mwezi wa Septemba. Tena kwetu kuna sababu nyingine: vumbi. Malori ya kazi yanapita muchana na usiku, na inzi hawana likizo. Kidonda kilichoachwa wazi barazani kinapokea vyote.

NGOZI IKIPASUKA

Muzee amegonga kitanda, ngozi ya mukono imepasuka na kukunjamana pembeni. Usiikate ngozi ile! Kama damu inatoka, kandamiza na kitambaa safi dakika 10 bila kufungua kuangalia, na mukono uwe juu. Damu ikinyamaza, mwanga maji ya chumvi, kiisha na kitambaa kilicholowa uirudishe ngozi polepole pahali pake, sawa unayekunjua karatasi. Weka kitambaa chenye vazelini, funga bila kukaza. Ngozi yake mwenyewe inafunika kuliko bandeji yoyote.

Kama ameungua na maji ya moto ao na mbabula, mwanga maji ya baridi juu ya pale dakika 20. Usiweke mafuta, yai, wala dawa ya meno. Kama pameungua kupita ukubwa wa kiganja chake, ao ni uso, mikono, miguu ao sehemu za siri, mupeleke leo.

VIDONDA VYA KULALA

Hapa ndipo wazee wengi wanapoteseka, na hapa ndipo jamaa inaweza kuokoa mutu bila kununua kitu. Mutu aliyepooza, ao aliyevunjika kiuno, analala upande mumoja saa na saa. Mufupa unakandamiza ngozi juu ya matela, damu haipiti, nyama inakufa. Pahali pa kutazama ni hapa: chini ya mugongo, visigino, pembeni mwa kiuno, viwiko, mabega, nyuma ya kichwa.

Katika vitabu vingi wanasema tazama ngozi nyekundu. Juu ya ngozi yetu nyeusi, wekundu hauonekani vizuri. Basi tazama kama pamekuwa peusi kuliko pembeni, na uguse na mukono: pana moto, ao baridi, ao pamekuwa pagumu, ao muzee anasema panauma? Hiyo ni alama ya kwanza. Siku ile ile, muzee asilalie tena upande ule.

Dawa yake ni kumugeuza. Kila saa 2: mugongo, upande wa kuume, mugongo, upande wa kushoto. Usiku, kama matela ni mazuri na ngozi haina alama, munganga anaweza kuwaruhusu muende mpaka saa 4. Upande haumaanishi kumusimamisha juu ya mufupa wa kiuno. Muinamishe kidogo tu na uweke mto ao kikwembe kilichokunjwa nyuma ya mugongo wake. Chini ya miguu, weka kikwembe kingine toka magoti mpaka karibu na kisigino, ili visigino vikae katika hewa bila kugusa kitu. Kama anakaa katika kiti, ajiinue ao mumuinue mara nyingi, kila nusu saa.

Kumbuka pia makatazo haya manne:

- Usimukokote juu ya shuka. Muwe wawili, mumuinue.
- Usisugue pale pamekuwa peusi. Zamani watu walisugua na alkoli, inaharibu zaidi.
- Usimuweke juu ya kitu cha duara sawa kata ya kubebea maji. Inakaza damu pembeni.
- Usimuache ndani ya mukojo. Muoshe, mukaushe, umupake vazelini, unyooshe shuka lisiwe na mikunjo wala makombo.

MIGUU YA MWENYE SUKARI

Muzee mwenye sukari asitembee bila viatu, hata ndani ya nyumba. Kila asubuhi apige viatu chini na kupitisha mukono ndani, kwa maana jiwe dogo linaweza kumula muguu siku nzima bila yeye kusikia. Katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai, asiote miguu karibu na mbabula. Ataungua na hatasikia. Avae soksi. Kucha asikatiwe na wembe na mutoto anayecheza; zikatwe sawasawa, bila kuingia pembeni.

Kwa mutu huyu, kidonda cha muguu hakingojewi nyumbani. Anakwenda kwa kituo cha afya siku ile ile, hata kama hakimuumi. Zaidi kama hakimuumi!

Na kwa wale ambao hawajajua: kila muzee ambaye kidonda chake kinakawia, apimwe sukari. Ni tone moja la damu kwenye kidole.

Kama muguu umevimba na kidonda kiko karibu na kifundo, muzee anapokaa aweke muguu juu ya kiti. Lakini bandeji ya kukaza asifungwe na mutu asiyejua. Munganga njo anapaswa kwanza kupima kama damu inafika vidoleni. Kama haifiki vizuri na mukaze, muguu unaweza kufa.

NYUNGU INAPONYA PIA

Ngozi mupya inajengwa na chakula cha kujenga mwili. Maharagi, karanga, ndakala, yai, kidogo cha nyama kikipatikana. Kama meno yameisha, twanga ndakala na karanga, utie ndani ya sombe ao ndani ya uji. Lenga-lenga na mafuta mekundu ya ngazi vinasaidia ngozi. Pera, chungwa na embe vina ile vitamini inayosaidia kidonda kufunga. Kidonda chenye maji mengi kinamaliza chakula cha mwili, basi kama muzee hawezi kula sahani nzima, umupe kidogo kidogo mara 5 kwa siku. Na anywe maji. Wazee wengi wanakataa kunywa kwa sababu wanaogopa kusumbua watu usiku kwa kwenda kukojoa. Umuambie kwa mudomo wako: "Nkambo, uniite tu, njo kazi yangu."

Mwenye sukari afuate chakula alichoandikiwa, lakini asishindishwe njaa. Njaa haiponyi kidonda.

SIKU YA KUTOKA NYUMBANI

Usingoje mwisho wa mwezi. Mupeleke muzee kwa munganga mukiona moja ya mambo haya:

- Damu haikunyamaza kisha kukandamiza dakika 10 na tena dakika 10.
- Pembeni mwa kidonda panavimba, pana moto, na uvimbe unaendelea kila siku.
- Usaha, ao harufu mbaya, ao nyama nyeusi.
- Mufupa ao mushipa unaonekana, ao kidonda ni shimo.
- Homa ao kutetemeka. Lakini wazee wengine hawapatiwi homa hata vijidudu vikiingia damuni. Muzee anaanza kusema maneno yasiyofuatana, ao analala tu na kukataa chakula. Hiyo ni alama kubwa, musiseme ni uzee.
- Taya linakaza, mudomo haufunguki.
- Kidonda cha muguu kwa mwenye sukari.
- Ameumwa na imbwa. Osha na maji na sabuni dakika 15, kiisha uende siku ile ile, juu ya kichaa cha imbwa.
- Wiki 2 zimepita na kaye inaonyesha kwamba kidonda hakikupungua.

Ukifika, uliza habari ya sindano ya tetanosi. Wamama wengi waliipata wakati wa mimba. Wababa wengi hawakuipata hata mara moja.

"KUNA MUTU ANAKIFUNGA"

Tuseme jambo ambalo watu wanalisema chini chini. Kidonda kinapokaa miezi 6, maneno yanaanza. "Kile kidonda si kya bure. Kuko mutu anakifunga." Macho yanakwenda kwa mukwe asiyezaa, kwa jirani mwenye bustani nzuri, ao, vibaya zaidi, kwa mutoto yatima anayelala nyumbani. Feza iliyokuwa ya kompresi inakwenda kulipa mutu wa kutazama ndoto. Jamaa inavunjika, na kidonda kinabaki pale pale.

Ndugu zangu, kabla ya kutafuta mulozi, tafuteni sukari. Tafuteni kama damu inafika muguuni. Muulize nani alimugeuza usiku. Tazameni ndani ya sahani yake. Mara nyingi jibu liko pale. Na juu ya watoto, sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inakataza kabisa kumushitaki mutoto kwa bulozi, na inamuazibu mutu anayefanya vile. Mukristu hana ruhusa ya kufanya kile ambacho hata sheria ya dunia inakataa.

KAZI YA VIJANA NA YA SHIRIKA

Nkambo mwenye kidonda kinachonuka anajua kwamba kinanuka. Anaona wajukuu wanakula inje, anaona wageni wanasimama mulangoni. Anaanza kukataa kwenda kanisani, kiisha anakataa kula. Harufu inaweza kupunguzwa kwa kuosha na kubadilisha kitambaa, lakini aibu inapunguzwa na mutu anayekuja kukaa karibu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, yule Musamaria alitumia kile alichokuwa nacho njiani, mafuta na divai. Leo munganga atatuambia tutumie maji na chumvi. Lakini mambo mengine aliyofanya hayakubadilika: alisimama, aligusa, alifunga, alimufikisha pahali pa kutunzwa, alilipa, na aliahidi kurudia. Watu wawili waliopita mbele yake walikuwa watu wa kusali.

Vijana, tunawaomba jambo jepesi. Kwa kila muzee anayelala katika shirika lenu, muandike majina katika karatasi: nani anamugeuza asubuhi, nani muchana, nani jioni, nani usiku. Mama ao mukwe anayefanya peke yake atavunjika mugongo, na siku atakayochoka, kidonda kitaanza. Kijana wa miaka 16 anaweza kumugeuza nkambo saa 4 za usiku kabla ya kulala, na baba kabla ya kwenda kazi alfajiri. Shirika linaweza kuweka sanduku moja: kompresi, bandeji, vazelini, sabuni, parasetamol, na kuomba munganga wa karibu awafundishe wavijana na wamama siku moja ginsi ya kufunga. Bei yake, mukigawanya kwa nyumba nyingi, haitakuwa muzigo mukubwa kwa kila nyumba.

KWA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, nani ni muzee zaidi? Nani alitazama miguu yake wiki hii?
2. Ni dawa gani tunazoea kumwaga katika vidonda? Baada ya kusoma, tutaacha gani?
3. Nkambo alipimwa sukari lini? Kama bado, nani atamupeleka, na siku gani?
4. Tuandike karatasi ya zamu. Nani anachukua usiku wa leo?